Siku ya Kugandisha

Hakuna mtoto aliyecheka. Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na mpaka leo haijapoa.

Ilikuwa Jumatatu, kipindi cha kwanza, na mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati kwa namna yake ya kila siku. Mimi ni Mwalimu Subilaga, Darasa la Kwanza, Shule ya Msingi Ikubilo, mwaka wa ishirini na sita kazini. Mbele yangu walikaa watoto arobaini na wawili, kila mmoja na punje yake nyuma ya sikio. Punje ni kitu kidogo kama mbegu ya mahindi, kinabandikwa kwenye ngozi, na ndicho kinachowasomesha siku hizi. Mwalimu hafundishi tena. Watu wa Mradi uliotuletea punje wanasema mwalimu "anasimamia".

Nilikuwa nimechoka na sentensi za Mradi. Mama anapika ugali. Baba analima shamba. Mbuzi amekula majani ya shambani. Tumekatazwa kuandika ubaoni kitu kisichomo kitabuni, ati tunaichanganya punje. Siku hiyo roho ikaniambia, hebu wachekeshe watoto wa watu. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Mwaipaja, ana kofia moja ya pama ambayo haivui hata ofisini, na kila mtoto pale anaijua. Nikachukua chaki nikaandika kwa herufi kubwa: MBUZI AMEKULA KOFIA YA MWALIMU MKUU.

"Someni."

"Mbuzi amekula majani ya shambani," wakasoma wote kwa sauti moja.

Niligeuka kuangalia ubao, nikidhani nimeandika vibaya. Sikuwa nimeandika vibaya. Nikamsimamisha Ambakisye, mtoto ambaye hucheka hata mtu akipiga chafya. Macho yake yakatembea kutoka kushoto kwenda kulia, vizuri kabisa, yakitua kwenye kila neno. Akasoma: "Mbuzi amekula majani ya shambani." Uso mkavu.

Nikafuta. Nikaandika TEMBO AMEPANDA PIKIPIKI. Wakasoma kwamba tembo ana mkonga mrefu. Nikaandika LEO HAKUNA SHULE, RUDINI NYUMBANI. Jamani, mtoto gani wa miaka saba atasoma hayo akabaki ameketi? Wakasoma kwamba leo ni siku nzuri, tunakwenda shuleni, kisha wakanitazama wakisubiri niseme wapigiane makofi.

Nikamwita Tusajigwe mbele. Ndiye mtoto hodari kuliko wote, maneno tisini na nne kwa dakika kwenye kipimo cha Mradi. Nikambandua punje taratibu, nikaandika BA. Akaitazama kama mtu anavyotazama ufa wa ukutani.

"Hii ni nini, mama?"

"Sijui, Mwalimu."

Nikamrudishia punje. Nikamwonyesha sentensi ya kofia. Akasoma majani, akatabasamu, akarudi kuketi. Hakuona kosa lolote. Mtoto asiyejua kusoma anajua kwamba hajui, na ukimkazania siku moja atajua. Huyu alikuwa amechukuliwa hata kule kutojua kwake.

Na Ijumaa ya wiki hiyo ilikuwa Siku ya Kugandisha.

Nieleze kidogo, maana wapo watakaosoma haya bila kuwahi kuiona. Punje inaangalia macho ya mtoto yanapotua, halafu inausukuma ubongo wake ufuate mchoro fulani, mchoro wa mtoto anayesoma vizuri. Mwaka mzima inasukuma hivyo hivyo. Mtoto akifika miaka saba wanaleta sanduku la mashine, wanamvalisha kofia ya nyaya kwa dakika ishirini, na mchoro unaganda. Punje inatupwa, kusoma kunabaki mpaka uzeeni. Kabla ya kugandishwa, ukiibandua punje mtoto anarudi mwanzo kabisa na unaweza kumfundisha upya. Akishagandishwa, basi. Sementi ikishakauka huwezi kuikoroga tena.

Nilikuwa na siku nne.

*

Jumanne baada ya masomo nikamsindikiza Tusajigwe nyumbani. Anaishi na bibi yake, Bibi Syabumi, ambaye macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Mama yake, Anyelwisye, anafanya kazi kwenye migodi ya kina kirefu kusini, kule ambako simu haziruhusiwi kwa sababu zinavuruga mitambo, kwa hiyo wafanyakazi wanaandika barua za karatasi kama watu wa zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ndani, ndizi ziko jikoni. Mtoto amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Nimekuja kumsikia anavyosoma nyumbani."

Hapo nilimfurahisha. Akapapasa chini ya mto, akatoa barua tatu. "Huyu ndiye macho yangu," akasema. "Bila huyu ningekuwa nimeshampoteza mama yake. Soma, mama, mwalimu akusikie. Ile ya juzi."

Tusajigwe akafungua karatasi, akasimama wima kama tulivyomfundisha. "Mama mpendwa, habari za huko. Sisi huku hatujambo. Mtoto asome kwa bidii. Nitakuja Krismasi. Wasalimie wote."

"Kila barua anasema atakuja Krismasi," bibi akasema. "Chumba nimeshakipiga chokaa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mtoto, naitazama karatasi ile ile. Mwandiko wa Anyelwisye naujua, nilimfundisha mimi. Uliandikwa kwa kalamu iliyobonyezwa mpaka karatasi imetoboka mahali pawili.

"Bibi," nikasema, "naomba niisome na mimi."

"Si ameshaisoma?"

"Naomba tu."

Nikasoma kwa sauti, neno kwa neno.

*Mama, hii ni mara ya tatu nakuandikia jambo hili na hunijibu. Krismasi sitakuja, mkataba umeongezwa. Hapa nimekutana na dada mmoja ambaye mwanawe aligandishwa mwaka jana. Mumewe alifariki huku huku mgodini, dada huyo akaandika barua nyumbani kuwaambia. Mtoto akamsomea bibi yake kwamba baba anawasalimu na yuko njiani. Hawakumlilia marehemu, mama. Walikaa miezi miwili wanamtengea chakula. Nakuomba kwa Mungu, usikubali Tusajigwe agandishwe. Mimi mama yake nakataa. Ipeleke barua hii shuleni.*

Bibi Syabumi akanyoosha mkono, nikamrudishia karatasi, akaipapasa juu na chini kwa kidole gumba kana kwamba angeweza kuyakuta maneno.

"Wiki iliyopita niliweka dole gumba kwenye karatasi ya shule," akasema. "Alinisomea kwamba wazazi tunakaribishwa kuonja uji."

"Ilikuwa idhini ya kugandisha, bibi."

"Mtoto huyu ananidanganya?"

Tusajigwe alikuwa akitutazama sote wawili. "Nimesoma vizuri, bibi. Nimesoma yote."

"Hadanganyi," nikasema. "Yeye hayaoni kabisa. Aliyedanganya ni mwingine." Na hapo nikanyamaza, kwa sababu aliyedanganya nilikuwa namjua, na alikuwa amesimama kwenye sakafu ya yule mama mzee akiwa na viatu vya tope.

*

Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo nasema.

Miaka kumi na mmoja iliyopita watu wa Mradi walikuwa wanatafuta darasa la kupima. Walitaka kuchukua mchoro wa ubongo wa mtoto anayesoma vizuri ili waujaze kwenye punje. Wakachagua Ikubilo, wakachagua darasa langu, na wakafanya kosa ambalo mwalimu yeyote wa nchi hii angewaambia wasilifanye. Walitutumia kurasa kumi na mbili watakazotumia, wiki mbili kabla ya kufika.

Wageni wakija shuleni, mwalimu anafanya nini? Anaandaa. Sare zinafuliwa. Watoto wenye akili wanakaa mbele. Halafu unawaambia: mgeni akiuliza swali, kila mtu anyooshe mkono, anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto, asionekane mtoto hata mmoja aliyekaa kimya. Mgeni anaona msitu wa mikono, wewe unachagua ya kulia tu, na kila anayesimama anapata. Mimi nilifundishwa hivyo na mwalimu wangu, naye na wake. Hakuna aliyekuwa akiuita wizi. Tuliita kuipa shule heshima.

Basi nikaandaa. Kati ya watoto thelathini, waliojua kusoma kweli walikuwa sita. Kwa wiki mbili nikawaimbisha wote kurasa zile kumi na mbili mpaka wakawa wanazisema huku wanakula. Wageni wakaja na kofia zao za nyaya, wakawavalisha, watoto wakatazama ukurasa na kuimba. Wale wataalamu walifurahi mno. "Hawasiti," wakawa wanaambiana. "Angalia, hawasiti hata mahali pamoja." Wangesitaje? Anayesoma ndiye anayesita.

Mchoro ule ndio uliojazwa kwenye punje zote. Mchoro wa mtoto anayetazama herufi na kusema anachotarajia kiwepo. Mimi nikapewa cheti cha Mwalimu wa Mfano, na picha yangu ipo kwenye jalada la kitabu cha Mradi. Kwa miaka kumi na mmoja nimekitundika cheti kile sebuleni na kukipangusa vumbi. Nilikuwa nahisi kitu, sikatai. Nilikataa kukifikiri.

*

Alhamisi afisa wa Mradi akafika na masanduku yake. Jina lake Ezron Kihwelo, mtu mpole, nadhifu, anayemwamkia kila mtu mpaka mpishi. Ningependa awe mtu mbaya, ingenirahisishia. Nikamfuata ofisini, Mwalimu Mwaipaja akiwepo, nikamweleza yote: mbuzi, barua, kurasa kumi na mbili, mikono ya kulia na kushoto. Nikaweka barua ya Anyelwisye mezani.

Kihwelo akaisoma mara mbili. Hakushangaa. Hicho ndicho kilichonipandisha damu, kwamba hakushangaa.

"Mlikuwa mnajua," nikasema.

"Tulianza kuona mwaka jana, Mwalimu. Sababu hatukuijua. Sasa umetuambia, nashukuru."

"Unashukuru? Na kesho unagandisha?"

"Naomba unisikilize bila hasira."

"Hasira yangu iache mahali ilipo. Sema."

Akavuta kiti karibu. "Wewe ni mwalimu wa siku nyingi. Kabla ya punje, watoto mia na ishirini darasa moja, wangapi walitoka darasa la saba hawajui kusoma? Nusu. Leo wote wanafungua kitabu, wanasoma, wanafaulu, wanaendelea mbele. Wana furaha. Wanakosea kwenye vitu ambavyo si vya kawaida, nakubali. Lakini vitabu vya shule ni vya kawaida."

"Kwa sababu mnaviandika ninyi."

"Ndiyo."

"Na mitihani mnaitunga ninyi."

"Mwalimu—"

"Na kibao cha daraja bovu je? Na karatasi ya dawa? Na mkataba? Na barua ya msiba? Hivyo navyo mtaviandika ninyi?"

Mwalimu Mwaipaja akakohoa. "Subilaga, punguza sauti, watoto watasikia."

"Wasikie. Kusikia ndiko kulikobaki."

Kihwelo akaisukuma barua taratibu kunirudishia. "Barua hii ni halali. Mzazi amekataa kwa maandishi. Huyu mtoto mmoja namtoa kwenye orodha, leo hii, sina kinyongo. Utamfundisha mwenyewe kwa njia yako. Lakini arobaini na mmoja waliobaki wana idhini zote. Ukisimama kesho ukaanza kuwaeleza wazazi kwamba data ya msingi ni ya uongo, wa kwanza kushtakiwa ni wewe. Na kuna watoto elfu tisa waliogandishwa mwaka jana katika wilaya tatu, wa shule hii wakiwemo. Wale hawarudi nyuma. Wazazi wao leo wanalala vizuri. Unataka kuwaamsha uwape nini?"

Nitasema ukweli, kwa dakika nzima nilimfikiria Tusajigwe peke yake. Nilimwona amekaa barazani kwangu na kibao cha kuandikia, ba be bi bo bu, mtoto mmoja, nimemwokoa, dhamiri yangu imetulia, cheti kiko ukutani. Niliitamani ile picha. Hata mkono niliunyoosha kuchukua barua.

Halafu nikajiona. Nilikuwa nachagua mkono wa kulia tena.

"Mtoe Tusajigwe," nikasema. "Ni haki yake. Mengine tutaonana kesho."

*

Ijumaa wazazi walijaa darasani mpaka madirishani, wamevaa kama wa kipaimara. Masanduku yalikuwa yamepangwa mezani, taa za kijani zinawaka. Kihwelo akahutubia vizuri, kwa ufupi, halafu akaniomba niwaongoze watoto wasome kitabu kabla ya kuanza, kama ratiba ilivyosema. Nadhani aliamini nimeamua kunyamaza. Usiku sikulala, na pengine uso wangu ulionekana umeshindwa.

Sikuchukua kitabu. Nilichukua chaki.

MWALIMU SUBILAGA ALIDANGANYA. WATOTO HAWA HAWAJUI KUSOMA. MSIWAGANDISHE.

Nikageuka. "Watoto, someni."

Wakasimama, arobaini na wawili, sauti moja, tamu, imenyooka. "Mwalimu Subilaga anatufundisha. Watoto hawa wanajua kusoma. Tunawashukuru wazazi wetu."

Wazazi wasiojua kusoma wakapiga makofi. Wanaojua hawakupiga. Nikayaona makofi yakipungua, mmoja mmoja akimtazama jirani yake, mpaka akabaki babu mmoja wa nyuma anayepiga peke yake, naye akaacha.

"Mwalimu," akasema baba yake Ambakisye, fundi seremala, mtu wa maneno machache. "Mbona ubao unasema vingine?"

"Wasomee wenzako ubao unasemaje."

Akasoma. Alisoma polepole, akisita, akirudi nyuma kwenye neno moja na kulisoma upya. Alipofika mwisho mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo wangu kasoma nini?" na hapo darasa likalipuka. Nikapaza sauti nikaeleza yote, kurasa, nyimbo, mikono, cheti. Sikujitetea. Mwanamke mmoja alinitukana tusi ambalo sijawahi kulisikia likisemwa shuleni, na nilimwacha amalize. Kihwelo alikuwa anasema idhini ni idhini, utaratibu ni utaratibu, lakini baba yake Ambakisye alikuwa ameshampakata mwanawe na kumbandua punje, na wengine wakafuata. Punje zilidondoka sakafuni na kukanyagwa. Watoto walilia, maana ghafla kitabu kilichokuwa kinasema nao kilinyamaza. Mchuma janga hula na wa kwao, na pale wa kwangu wote walikuwa wanalila pamoja nami.

Kabla ya saa sita masanduku yalikuwa yamerudi garini. Hakugandishwa hata mmoja. Mwalimu Mwaipaja alinipa barua ya kusimamishwa kazi mkononi, bado na wino mbichi, nikaipokea. Nilijua kilichobaki ni polisi. Pamoja na hayo nilihisi kifua kimefunguka, na kwa dakika chache, Mungu anisamehe, nilijisifu.

Nilipotaka kutoka nikamkuta mama yake Lugano amesimama mlangoni na mwanawe. Alikuwa nyuma ya watu muda wote na sikumwona. Lugano yuko Darasa la Pili, alikuwa kwenye kundi la mwaka jana, nami ndiye niliyemshika mkono wakati anavalishwa kofia ya nyaya. Nilimpa pipi.

"Mwalimu," akasema mama yake, "nimesikia yote. Wenzangu wamebandua, wameondoka. Huyu wangu nimbandue nini?"

"Mama Lugano."

"Nakuuliza. Nimpeleke wapi?"

"Sijui. Sina pa kukwambia."

Sikuwahi kusema neno chungu kama lile, na yeye hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akamsogeza mtoto mbele yangu kwa mabega.

"Basi mwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia. Mwambie ulichomfanya."

Nikachuchumaa. Lugano alikuwa amesukwa nywele upya kwa ajili ya sherehe ya wadogo zake.

"Lugano," nikasema, "mwanangu, wewe hujui kusoma. Kosa si lako. Ni langu."

Alinionea huruma, niliiona machoni mwake, kama mtoto anayemwona mtu mzima amechanganyikiwa. "Mbona najua, Mwalimu," akasema.

Akaenda ubaoni, akaweka kidole chini ya jina langu, akatusomea mimi na mama yake kwamba Mwalimu Subilaga anatufundisha, watoto hawa wanajua kusoma, tunawashukuru wazazi wetu. Alifuata kila neno kwa kidole mpaka mwisho, na hakusita hata mahali pamoja.